Matanga ya Bibi Sobun

Deokbo mfinyanzi alikuwa na mikono ya dhahabu na kichwa cha kawaida. Udongo ulimtii, maneno hayakumtii hata kidogo. Ndiyo maana siku ile ya vuli, akipanda bonde la Gamagol na mitungi sita mgongoni na padri wa Kifaransa nyuma yake, alikutana na mkuu wa kijiji akafanya kosa ambalo ukoo wetu wa matanurini tunalicheka mpaka leo. Siku yenyewe hakucheka mtu.

Padri alikuwa amevaa nguo za mfiwa, na hilo lilikuwa wazo zuri. Kwetu Joseon, Korea ya enzi zile, aliyefiwa na mzazi huvaa katani mbichi miaka mitatu, na kofia ya mianzi inayomfunika mpaka mabegani, na akiwa njiani hushika kitambaa mbele ya uso. Hasemeshwi wala hachunguzwi. Yeye ni mwenye dhambi aliyemwacha mzazi wake akafa, na mtu mwenye adabu humpita akitazama pembeni. Kwa mwanamume mwenye macho ya kijivu na ndevu za rangi ya kutu, anayetafutwa na askari wa mfalme kutoka Hanyang, mji mkuu, mpaka baharini, nguo gani ingefaa zaidi? Padri Jang, jina tulilompa sisi maana la kwao lilivunja meno, alikuwa amezivaa miaka kumi na mitatu, akitembea kutoka tanuri hadi tanuri. Wafinyanzi wengi enzi zile walikuwa Wakatoliki, watu wa Bwana wa Mbinguni kama tulivyoitwa, waliokimbilia milimani.

Basi ikawa bahati mbaya kwamba Mzee Noh, mkuu wa kijiji cha chini, alikuwa na adabu kupita kiasi. Wengine walimpita mfiwa. Yeye alisimamisha punda wake.

"Pyo," akamwita Deokbo kwa jina la ukoo. "Huyu mfiwa ni wa kwako?"

"Ndiyo, bwana mkubwa. Kaka yangu. Yuko kwenye matanuri ya ng'ambo."

Alipotamka kaka alikuwa ameshajifunga kamba mwenyewe. Mdomo huponza kichwa, na kwetu miaka ile methali hiyo haikuwa mzaha.

"Kafiwa na nani?"

Deokbo akapiga hesabu. Kama ni kaka, mzazi wake ni mzazi wangu. Baba alikufa zamani na kila mtu anajua. Amebaki nani?

"Mama yetu," akasema.

Mzee Noh akashuka kwenye punda. "Bibi Sobun? Lini?"

"Siku saba sasa."

"Siku saba, na kijiji hakikuambiwa." Mzee aliumia kweli, alikuwa mtu aliyeamini kwamba dunia inasimama kwa sababu watu wanahani misiba ya wenzao. "Na wewe, mbona huna katani?"

"Nguo ilipatikana moja tu, bwana mkubwa. Kaka ndiye mkubwa, tukampa yeye."

Mzee Noh akayatazama magoti ya suruali ya Deokbo, yenye viraka juu ya viraka, akaona haya kwa niaba ya kijiji kizima. "Sisi ndio tumekosa," akasema. "Kesho kabla ya chakula cha jioni tutakuja kuhani. Na nina karatasi kutoka wilayani, nimeambiwa nitazame kibao cha wafu katika kila nyumba. Nyumba isiyo na kibao niiandike. Nitatimiza yote mawili kwa safari moja."

Akampanda punda wake akaenda, akitikisa kichwa kwa huzuni. Deokbo alibaki amesimama pale mpaka padri akamgusa bega.

Kuandikwa kulimaanisha nini, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Watu wa Bwana wa Mbinguni hawakuweka vibao vya wafu, vile vya mbao vyenye jina la marehemu, wala kuvipikia, na hicho ndicho kipimo walichopimwa nacho. Isiyo na kibao ni nyumba ya waasi, na nyumba zote tano za kundi lake zinawajibika pamoja. Juu kule Gamagol zilikuwa tano kamili, na ndani yake watu ishirini na wanane.

*

Bibi Sobun alikuwa ameketi barazani na goti lake lililovimba, anamenya vitunguu saumu vya kutia kwenye kabichi ya majira ya baridi. Goti hilo lilikuwa limemzuia kushuka kijijini siku kumi, na ndilo jambo pekee lililokwenda sawa katika uongo wa mwanawe.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Sikufikia hapo, mama."

"Angalau ungenipa ugonjwa wa heshima. Sasa watasema nilivimbiwa."

Mkwewe, Mama Okdan, mke wa Deokbo, hakucheka. Alikuwa mama mwenye mgongo ulionyooka na midomo iliyobanwa, na binti yake Okdan alishaolewa ng'ambo ya mlima, kwa hiyo nyumbani hapo hakuwa na wa kumlainisha. Baba yake alikatwa kichwa kando ya mto kwa sababu alikataa kuweka kibao. Yeye alikuwa na miaka kumi na moja, aliona kwa macho yake.

"Kwa hiyo kesho nipike," akasema. "Nipikie kibao. Kitu ambacho baba yangu alikikataa akiwa amepiga magoti kwenye mchanga, mimi nikifanye jikoni kwangu kwa sababu Baba Okdan hajui kudanganya vizuri."

"Mke wangu..."

"Sisemi na wewe. Baba padri, sema wewe. Inaruhusiwa?"

Padri Jang alikuwa amevua kofia. Alikuwa na miaka arobaini na miwili na alionekana kama wa sitini. Kitabu kilisema wazi: hairuhusiwi. Mwaka mmoja tu uliopita angejibu kabla swali halijaisha.

"Sijui," akasema.

"Wewe ndiye unayejua. Ndiyo kazi yako."

"Nilikuwa najua, Mama Okdan. Katika nyumba nilimokaa kabla ya hii wamekufa wanne kwa ajili yangu. Nilisali mwezi mzima wasife. Tangu hapo nikisali ni kama ninatupa mawe kisimani na sisikii maji. Sisemi maji hayapo. Nasema sisikii." Akaikunja kofia yake. "Nitaondoka usiku huu. Nitajipeleka mwenyewe wilayani, nyinyi mtabaki salama."

"Keti," akasema Bibi Sobun. Hakupandisha sauti wala hakuacha kumenya. "Ukiondoka, kesho watakuta mfiwa hayupo na maiti imekaa barazani inamenya vitunguu. Hapo tutakufa sote, tena kwa aibu. Keti, mwanangu."

Padri akaketi. Hakuna aliyewahi kubishana na Bibi Sobun akashinda.

"Nijibuni polepole, mimi sikusoma," bibi akaendelea. "Kibao ni cha nani? Changu. Nimekufa? Sijafa. Mzimu uko wapi? Hakuna. Basi kilichopo ni ubao wa kuanikia mitungi na chakula cha jioni. Mkwe wangu, baba yako alikataa kumdanganya Mungu, na Mungu amweke pema. Sisi tunamdanganya Mzee Noh. Si sawasawa."

"Na kuinama? Baba padri atainama mbele ya ubao."

"Mimi niwekeni nyuma ya ubao. Atakuwa ananiinamia mimi. Kumwinamia mzee aliye hai ni adabu. Au huko Roma wamekataza na hilo?"

Padri alifikiri. "Hilo hawajakataza."

"Na uongo?" Mama Okdan bado hakukubali.

"Uongo ni wa huyu," bibi akamwonyesha Deokbo kwa kisu. "Padri yuko hapa hapa, ataungama akimaliza kubeba kuni."

Mama Okdan aligeuka akatazama uani. Alimfikiria baba yake, kisha akawafikiria watoto wa jirani, wale wanane waliokuwa wakikimbizana huko nje. "Nitapika," akasema mwishowe. "Kuinama siinami. Wala hicho kibao siandiki."

Wakaandaa. Mahali pa kumficha bibi palikuwa chumbani tu, maana tanuri lilikuwa linawaka na banda lingejaa wanaume wa kijiji. Deokbo akavingirisha mtungi wa nafaka, mkubwa kuliko yote aliyowahi kufinyanga, akauweka kwenye kona, na meza ya marehemu mbele yake.

"Mimi nilikubeba miezi tisa tumboni," bibi akasema akiuchungulia. "Leo umenilipa."

Padri walimpaka masizi ndevuni na usoni, kwa kuwa mfiwa haogi. Kisha bibi akamfundisha kazi yake: lala kifudifudi kwenye mkeka, usiinue uso, lia. Wakikupa pole, sema maneno manne tu, "Mimi ni mwenye dhambi," basi, kama kila mfiwa asemavyo. Ukiyasema ukilia hawatasikia lafudhi.

"Hayo ninaweza," akasema padri. "Kulia ndiyo sijui kama ninaweza. Nimekauka."

"Utaigiza."

Aliigiza. Bibi akamsikiliza na kukunja uso. "Hiyo ni sauti ya mtu aliyekanyagwa na ng'ombe. Mimi nina thamani zaidi ya hiyo."

*

Walikuja mapema, kama watu wanaojua kwamba wamechelewa siku saba. Wanaume kumi, wanawake tisa. Walileta mchele mweupe, samaki wa chumvi, mishumaa miwili, na Mzee Noh kwa mkono wake mwenyewe alileta jora la katani kwa ajili ya nguo ya Deokbo. Deokbo alilipokea akitamani ardhi ipasuke. Ni vigumu kudharauliwa, lakini nawaambia, kuhurumiwa kwa jambo ambalo halikutokea ni kugumu zaidi.

Bibi Sobun alikuwa ndani ya mtungi tangu kabla ya adhuhuri. Hakuwa amekula. Mchuzi wa mkwewe ulinukia kupitia ufa wa mfuniko, na wali pia, wali mweupe mtupu, ambao hajautia kinywani tangu harusi ya Okdan.

Wageni waliingia kwa zamu, wakainama mbele ya meza, wakaomboleza, wakamgeukia mfiwa mkuu. Padri alikuwa amelala kifudifudi, mabega yake yakitikisika kwa hofu, na wao wakaona ni uchungu.

"Pole sana kwa msiba."

"Mimi ni mwenye dhambi."

"Masikini, hata sauti imemkauka."

Wanawake walikaa karibu na mlango na kuanza kumtaja marehemu, kama desturi ilivyo. Walimsifu kwa ucheshi wake. Walisema alimzalisha mke wa muuza chumvi wakati mkunga amelewa, na kwamba njaa ilipoingia aligawa viazi vyake vya mwisho na kudai kwamba hapendi viazi. Bibi, mtunguni, alikuwa anakubaliana na kila neno. Kisha Mama Chilsung, mwanamke wa kinu cha mchele, akapangusa macho na kusema:

"Na rojo yake ya soya. Watu hawajui kwamba mimi ndiye niliyemfundisha."

Ndani ya mtungi pumzi ilikatika. Deokbo aliuona mfuniko ukiinuka upana wa kidole, akaanza kulia kwa sauti kubwa kuliko watu wote. Mfuniko ukashuka. Kufa, bibi alisema baadaye, ni kazi ya uvumilivu.

Padri alikuwa anasikiliza. Habari ya viazi ndiyo iliyomshika. Mama yake mwenyewe alikuwa na uongo huo huo, "mimi sipendi nyama," akisukuma sahani upande wa watoto. Mara ya mwisho alimwona kwenye lango la shamba lao, na hakupunga mkono kwa sababu mikono alikuwa ameifuta kwenye aproni na kuisahau humo. Miaka kumi na mitatu. Barua ya mwisho ilikuwa na miaka sita. Kama alikuwa hai au amekufa padri hakujua, na akatambua, akiwa amebana uso kwenye mkeka wa watu, kwamba huenda kwa muda wote huo aliovaa katani ya kujificha alikuwa mfiwa kweli na hakuna aliyempa pole.

Hapo akalia. Hakuigiza tena. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, na chumba kizima kikanyamaza, na Mama Chilsung naye akalia kweli, na Mama Okdan jikoni akaacha mwiko, akasikiliza.

*

Ingeishia hapo kama isingekuwa adabu ya Mzee Noh.

"Siku nane sasa," akasema, "na ninavyoona hapa hamjamlisha hata mara moja kwa utaratibu. Tutamlisha sasa."

Akaongoza mwenyewe. Wali ukawekwa, mchuzi, samaki, kabichi. Kijiko kikachomekwa katikati ya wali. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, watu wote wakatoka, hata mfiwa akiwa ameshikwa mikono na kofia yake usoni, na mlango ukafungwa ili marehemu ale kwa faragha kwa muda wa vijiko tisa.

Walisimama uani vichwa chini. Padri alihesabu vijiko tisa polepole, kwa Kifaransa. Deokbo hakuweza kuhesabu kitu.

Huko ndani Bibi Sobun alisikia kimya. Akainua mfuniko. Meza ilikuwa hapo hapo, mkono unafika. Najua mtasema alikuwa mzee mwenye akili, alipaswa kujizuia. Wale wanaosema hivyo wameshawahi kukaa mtunguni tangu asubuhi, mbele ya wali mweupe? Alinuia kijiko kimoja. Mtu huanza na kimoja.

Mzee Noh alikohoa mara tatu mlangoni, kama inavyopasa kumwarifu marehemu, akafungua.

Bakuli la wali lilikuwa na shimo lililofika chini. Mchuzi ulikwisha. Samaki alibaki mifupa, iliyopangwa vizuri ukingoni mwa sahani.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama Chilsung alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Mtu mmoja akaanza kurudi nyuma na wote wakamfuata, wakisukumana kwa heshima, mpaka uani, mpaka barabarani, wakishuka mlima kwa mwendo ambao haukuwa kukimbia lakini haukuwa kutembea pia.

Mzee Noh hakwenda. Akamwambia Deokbo angoje nje. Akaingia na mfiwa, akafunga mlango, akaketi.

Akaweka kofia yake nyeusi mapajani.

"Wewe ni mfiwa, hupaswi kusema," akaanza. "Kwa hiyo nitakuambia wewe. Miaka arobaini ninamwekea mama yangu chakula. Sijakosa siku. Nikifunga mlango nahesabu tisa, nafungua, na wali uko vile vile. Haijapungua hata punje. Baba yangu alisema wafu wanakula harufu. Nikaamini. Mwaka juzi nikaanza kujiuliza kama ninalisha hewa. Mkuu wa kijiji, ninayeandika majina ya watu wasio na vibao, na mimi mwenyewe sijui." Akaigeuza kofia mapajani. "Leo nimeona. Niambie, ndugu yangu. Alikuja kweli?"

Padri Jang alijua jibu la busara. Neno moja tu, na watu ishirini na wanane wangelala salama, na mzee huyu angeshuka mlima akiwa na furaha. Alifungua kinywa alitamke. Hakuweza. Alikuwa ameshaona watu wakifa kwa sababu walikataa kusema uongo mdogo, na mtu huyu alikuwa amemwekea moyo wake mezani, mkavu kama wa kwake.

"Mimi ni mwenye dhambi," akasema. Na baada ya hapo akaendelea, kwa lafudhi yake yote. "Mimi pia nimeomba miaka kumi na mitatu, mzee wangu. Sijaona punje ikipungua."

Mzee Noh aligeuza kichwa polepole. Hiyo haikuwa lafudhi ya matanuri ya ng'ambo. Haikuwa ya jimbo lolote. Aliyatazama masizi yaliyochuruzika kwa machozi, na chini yake ndevu nyekundu. Mkono wake ukaenda kwenye mkono wa joho, ilimokuwa karatasi ya wilaya.

Ndipo mtungi ukapiga kwikwi.

Wote wawili wakautazama. Kisha kwikwi nyingine, kubwa zaidi, ya mtu aliyekula haraka bila maji.

Mzee Noh akasimama. Akauendea mtungi, akaweka kiganja juu ya mfuniko, na hakuuinua.

"Bibi Sobun," akasema. "Umeshiba?"

"Samaki alikuwa na chumvi nyingi," mtungi ukajibu.

Mzee alibaki ameinama pale. Mabega yakaanza kutikisika, na padri hakujua kama analia au anacheka. Nadhani hata mwenyewe hakujua. "Kwa kitambo kidogo," akasema, "nilikuwa nimeamini."

"Najua," akasema bibi. Sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Nisamehe. Nilikuwa na njaa tu."

"Arobaini. Miaka arobaini."

"Mwanangu, huyo mama yako alikula ulipokuwa mtoto na chakula kikiwa kidogo?"

Mzee Noh alifikiri. "Alisema hapendi."

"Basi ndivyo alivyo. Unategemea aanze leo?" Kwikwi. "Nipe maji."

Aliyeyaleta maji alikuwa Mama Okdan. Alikuwa nyuma ya mlango muda wote, amesikia kila neno. Alipita katikati ya mkuu wa kijiji na padri, akainua mfuniko mbele ya wote, akamnywesha mkwewe. Kisha akamgeukia Mzee Noh, mgongo umenyooka. "Baba yangu alikufa kwa kibao," akasema. "Ukituandika, anza na jina langu. Kibao hiki tulikiweka kwa hofu, na mimi nimeona aibu tangu jana."

Mzee akatoa karatasi, wino na kalamu ya manyoya. Akaandika akisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayepima maneno asije akadanganya.

"Nyumba ya Pyo, mfinyanzi. Nimetazama, nimeona kibao. Nimemkuta mfiwa, analia kweli. Chakula kiliwekwa, kikaliwa." Akainua kichwa. "Kuna uongo hapo?"

Padri akatikisa kichwa.

"Nyumba nyingine nne sikuingia. Giza liliniwahi." Nje jua lilikuwa bado juu ya mlima. Akakunja karatasi, akavaa kofia yake, na mlangoni akamwinamia padri, kama mtu anavyomwinamia mfiwa. "Pole kwa msiba wako," akasema. "Wowote ule."

*

Kijiji cha chini kilisimulia miaka mingi juu ya mzimu wa Gamagol uliokula samaki mzima, na hakuna aliyethubutu kupanda huko bila shughuli, jambo lililowafaa watu wa juu kuliko ukuta wa mawe. Bibi Sobun akafutwa kwenye daftari la wilaya. Nyumbani wakamwita Marehemu, naye akaitika. Goti lilipopona alianza kubeba barua za padri kwa njia za juu, kutoka tanuri hadi tanuri. "Nani atamkamata maiti?" alikuwa akisema, akifunga mzigo wake.

Padri Jang alikaa mpaka theluji ilipoyeyuka. Deokbo aliungama uongo wake akapewa kukata kuni siku tisa. Padri mwenyewe alirudia kusali, asubuhi na jioni, na Mama Okdan alipomuuliza kama sasa anasikia maji kisimani, alisema bado, ila ameacha kukimbia kabla jiwe halijafika chini.

Katikati ya majira ya baridi, asubuhi moja, mtumishi wa Mzee Noh alipanda mlima akitetemeka, akaweka sinia getini na kushuka mbio. Usiku uliopita ulikuwa wa kumkumbuka mama yake mkuu wa kijiji. Juu ya sinia palikuwa na wali mweupe, bakuli limejaa hadi juu, na alama ya kijiko katikati. Mzee Noh alikuwa amemtuma aseme neno moja tu: "Wali wa marehemu wenu."

Wote wakamtazama Mama Okdan. Huo ulikuwa wali wa kibao, mtu wa Bwana wa Mbinguni hauli.

Mama Okdan akalisogeza bakuli. "Huyo mama alisema hapendi," akasema, "kumbe alikuwa anawaachia wengine." Akachukua kijiko, akampa mkwewe.

Bibi Sobun alikula mpaka mwisho, polepole safari hii, na maji pembeni. Bakuli halirudishwi tupu, kwa hiyo Mama Okdan akalifunga pamoja na kitungi kidogo cha rojo ya soya, na Deokbo akalipeleka.

Mzee Noh alilipokea barazani. Alilifunua, akalipeleka kwenye mwanga, akaligeuza huku na huku. Hakukuwa na punje hata moja. Akawaita watu wa nyumbani kwake, wake wa wanawe na watumishi, waone wenyewe lilivyoliwa lote, akawaambia bakuli lile lisioshwe mpaka kesho.